Jifunze Kwanza Kuokoa, Ndipo Ushike Sindano

Wauguzi wenzangu, dada zangu na kaka zangu. Wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie sindano za kujaza ngozi, ambazo wengi wenu mnaziita fila, yaani jeli inayodungwa chini ya ngozi, na hasa madhara yake na namna ya kuwaandaa wauguzi wayakabili. Naanza na msimamo wangu, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kupanga maswali yake. Muuguzi asimdunge mtu jeli usoni mpaka aoneshe, mbele ya mwalimu, kwamba anajua la kufanya jeli hiyo ikiingia pasipotakiwa. Kujibu maswali kwenye karatasi hakutoshi. Aoneshe kwa mikono yake.

Kozi nyingi zinazouzwa hapa Uingereza zimepangwa kinyume. Asubuhi ni nadharia, mchana ni midomo na mashavu, kisha jioni, watu wamechoka na wanasubiri cheti, mwalimu anafungua picha mbili tatu za madhara na kusema, "Haya hutokea mara chache." Ni kweli hutokea mara chache. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuyafanyia mazoezi, kwa kuwa jambo usilokutana nalo kila wiki mikono hulisahau. Hospitalini tunafanya mazoezi ya kufufua moyo kila mwaka, hata yule wa wodi ambayo mtu hajazimika moyo kwa miaka. Hakuna anayelalamika kwamba ni kupoteza muda.

Najua kwa nini wengi wenu mko hapa. Umetoka Mombasa, Tanga, Kisumu, Mwanza au Bukavu, umefanya kazi za zamu kwa miaka, una ada za watoto na nyumba inayojengwa kijijini, na umeona wenzako wamefungua chumba kidogo cha urembo wa kitabibu, wanajipangia saa zao wenyewe. Sina neno baya juu ya hilo. Muuguzi aliyefunzwa vizuri ni miongoni mwa watu salama zaidi wa kufanya kazi hii, kwa sababu amezoea kuangalia ngozi, amezoea dharura, na ana baraza linaloweza kumwajibisha. Ninachokataa ni kumpa sindano kabla ya kumpa ujuzi wa kuokoa.

Sheria ya nchi hii haitatubebea mzigo huo. Mwaka 2013 Sir Bruce Keogh, aliyekuwa mkurugenzi wa tiba wa NHS England, huduma ya afya ya umma, alitoa ripoti yake kuhusu urembo wa kitabibu, akaandika kwamba mtu anayekwenda kufanyiwa huduma za aina hii hana kinga kubwa kuliko mtu anayenunua kalamu au mswaki dukani. Tangu hapo yamefanyika mambo. Tangu Oktoba 2021 ni kosa nchini England kumdunga fila ya urembo mtu aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2022 Bunge lilimpa waziri mamlaka ya kuanzisha leseni kwa wanaofanya kazi hii England, na miaka ikapita bila leseni yenyewe kuanza. Kwa hiyo tumeendelea kufanya kazi katika soko ambamo msusi, mwalimu wa mazoezi ya viungo na muuguzi wote wanaweza kuagiza jeli ileile.

Angalieni jambo moja ambalo mpaka leo linanisumbua. Jeli hiyo kisheria si dawa ya cheti, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuinunua. Lakini dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidase, ni dawa ya cheti. Anayeweza kuiandika ni daktari, daktari wa meno, mfamasia au muuguzi mwenye sifa ya kuandika dawa, ile tunayoiita V300. Maana yake mlango wa kuleta madhara uko wazi kwa wote, na mlango wa kuyatibu una funguo mikononi mwa wachache. Kama wewe huna V300, basi kabla ya mteja wako wa kwanza lazima ujue ni nani atakayekuandikia dawa hiyo Jumapili saa tatu usiku. Na kumbuka kwamba kuanzia tarehe 1 Juni 2025 Baraza la Uuguzi na Ukunga, NMC, linamtaka muuguzi anayeandika dawa kwa ajili ya urembo amwone mteja ana kwa ana kwanza. Ule mtindo wa kuandikiwa dawa na mtu aliye mji mwingine ambaye hajawahi kumwona mteja umekwisha kwetu.

Sasa tuingie kwenye jeli yenyewe. Inayotumika zaidi imetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho miili yetu inakitengeneza. Kimo kwenye ngozi, kwenye viungo na ndani ya jicho. Karl Meyer na John Palmer walikitenga mwaka 1934 kutoka kwenye jicho la ng'ombe. Ile ya kwenye bomba la sindano imefungamanishwa kikemikali ili ikae miezi badala ya siku. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba kimeng'enya cha hayaluronidase kinaivunja. Lakini kimeng'enya hicho hakiyeyushi jeli zenye chembe za kalisiamu, wala asidi ya polilaktiki, wala silikoni ya maji. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mtu aliyeharibikiwa ni "Umedungwa nini?", hata kabla ya kuuliza nani kamdunga. Mwambie alete kisanduku, stika, picha ya simu, chochote alichonacho.

Hatari kubwa ni ncha ya sindano kuingia ndani ya ateri, yaani mshipa unaoleta damu, na jeli kusukumwa humo. Damu ikikosa njia, ngozi inayolishwa na ateri ile inaanza kufa. Usoni kuna hatari ya ziada, kwa sababu ateri za nje ya uso zinaungana na zile zinazotoka ndani ya jicho, hasa kwenye shina la pua na katikati ya nyusi. Ukisukuma kwa nguvu, jeli inarudi nyuma ikipingana na mkondo wa damu mpaka kwenye ateri ya jicho. Ukiachia kidole gumba, pigo la moyo linaibeba mbele hadi retina, ile ngozi laini ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Watafiti waliopima kwenye maiti ateri ndogo inayopanda katikati ya nyusi waliona kwamba kutoka hapo hadi nyuma ya tundu la jicho inajazwa na wastani wa mililita 0.085 tu. Bomba la kawaida la fila lina mililita 1. Fanya hesabu mwenyewe.

Mwaka 2015 Katie Beleznay na wenzake walikusanya visa 98 vya watu waliopata madhara ya macho baada ya sindano hizi, vilivyokuwa vimechapishwa duniani kote. Mwaka 2019 wakaongeza vingine 48. Katika kundi la kwanza, sababu iliyoongoza ilikuwa kudungwa mafuta ya mwili wa mtu mwenyewe. Katika kundi la pili iliyoongoza ilikuwa asidi ya hayaluroniki, hii hii tunayoiita salama. Nawaomba anayeanza kazi asiguse pua wala katikati ya nyusi. Mteja atakwenda kwingine, ndiyo. Mwache aende.

Dalili mnazifahamu kwa majina: maumivu yasiyo ya kawaida, ngozi kubadilika rangi, damu kuchelewa kurudi ukibonyeza, madoa yaliyotandaa kama wavu wa kuvulia samaki, kisha baada ya siku mbili tatu vipele vya usaha na kigaga cheusi. Msiyategemee sana maumivu, kwa kuwa fila nyingi zimechanganywa na dawa ya ganzi, na ganzi inaficha. Mteja anaweza kutoka akitabasamu, maumivu yakaanza amekwishafika nyumbani.

Hapa kwenye rangi naomba tukae kidogo, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu.

Vitabu na kozi husema: ngozi inakuwa nyeupe. Ngozi ya nani? Karibu picha zote tunazofundishiwa ni za watu weupe. Weupe unaoonekana kwenye shavu la mwanamke wa Manchester hauonekani vilevile kwenye shavu la mwanamke wa Mwanza. Kwetu unachokiona ni rangi ya kijivu, au upande mmoja kufifia na kupoteza ung'avu wake, au weusi wenye uzambarau ambao ukiwa na haraka utadhani ni alama ya kawaida ya sindano. Wavu ule wa madoa kwenye ngozi nyeusi sana unaweza usionekane kabisa. Hata kile kipimo cha aina za ngozi tunachokitumia kila siku, cha Thomas Fitzpatrick, mwaka 1975 kilianza na watu weupe, na ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Nasema kwa sababu wateja wenu wengi watakuwa dada zetu, na mwanafunzi aliyefundishwa kusubiri weupe atasubiri huku ngozi inakufa.

Kwa hiyo tufundishe vingine. Pima kabla ya kudunga: bonyeza mdomo na shavu kwa sekunde tano, achia, hesabu damu inarudi kwa muda gani, andika. Bila kipimo cha mwanzo huna cha kulinganisha nacho. Piga picha kwenye mwanga mweupe, mahali palepale kila mara. Taa za njano za saluni zinaficha kila kitu. Baada ya kudunga, linganisha kulia na kushoto badala ya kutafuta rangi ya kitabuni. Geuza mdomo uangalie ndani, na ufizi pia, maana huko damu inaonekana kwa watu wa rangi zote. Gusa kwa mgongo wa vidole uone kama upande mmoja umepoa. Kisha muulize mteja mwenyewe, kwa sababu anaufahamu uso wake kuliko wewe. Akisema "Hapa sipaoni sawa," usimtulize. Washa taa uangalie upya.

Na gharama ya kuchelewa kwetu ni kubwa zaidi. Ngozi nyeusi ikijeruhiwa huacha madoa meusi yanayokaa muda mrefu, na kwa baadhi yetu makovu yanavimba na kupanda juu ya ngozi. Mtu aliyekuja kuongeza uzuri wa midomo anaondoka na alama ambayo kila atakayemsalimia ataiona.

Ukishashuku, acha kusukuma papo hapo. Mwanafunzi mara nyingi anataka kumalizia kale kadogo kalikobaki kwenye bomba, na mwalimu asimvumilie hata mara moja. Baada ya hapo ni joto, kukanda, na hayaluronidase.

Zamani watu walitumia kimeng'enya hiki kwa matone, kwa woga. Claudio DeLorenzi, daktari wa Canada, alichapisha mwaka 2017 utaratibu wa dozi kubwa zinazorudiwa: mamia ya uniti, kiasi kikiongezeka kadiri eneo lililoathirika linavyokuwa kubwa, kisha unapima tena baada ya saa moja hivi, na kama damu bado haijarudi unadunga tena. Kabla ya hapo, mwaka 2014, alikuwa ameonesha kwamba kimeng'enya kinapenya ukuta wa ateri, kwa hiyo huhitaji kuitafuta ateri yenyewe kwa sindano. Unalowesha eneo zima ambalo damu imekatika, na si pale tu ulipodunga. Mwanafunzi huweza kulisema hili vizuri sana darasani, lakini akifika mezani anadunga tone moja kwenye tundu lilelile la mwanzo. Mikono yake bado haijaelewa.

Hapa Uingereza dawa hiyo huja kama unga, uniti 1,500 kwenye kichupa cha kioo. Mtu ambaye hajawahi kuvunja kichupa hicho huku mwenziwe analia kwenye kiti hajui vidole vyake vitafanya nini. Dawa yenyewe inaweza kuleta mzio mkali, hasa kwa mtu anayevimba akiumwa na nyuki au nyigu, kwani sumu ya wadudu hao ina kimeng'enya cha aina hiyohiyo. Wakati wa kuyeyusha kwa sababu za urembo tu, kipimo kidogo cha ngozi kwanza ni busara. Wakati ngozi inakufa, miongozo hairuhusu kuchelewa kwa ajili ya kipimo. Unadunga huku umejiandaa. Kujiandaa maana yake adrenalini ipo mezani, si kabatini, na unajua bila kufikiri kwamba mtu mzima hupewa miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja.

Jicho ni jambo jingine kabisa. Mteja anasema ghafla haoni, au anaona giza upande mmoja, pengine na maumivu makali ya jicho, kichefuchefu, kope la jicho kulegea na kushuka. Retina haisubiri. Wengi hutaja dakika 60 hadi 90 kabla haijaharibika kabisa, na wapo wanaosema ni chini zaidi ya hapo. Piga namba ya dharura, 999, palepale, sema maneno haya kwa Kiingereza chepesi kabisa: amepoteza uwezo wa kuona ghafla baada ya kudungwa jeli usoni. Angalia na dalili za kiharusi, kwa kuwa jeli inayofika kwenye jicho inaweza kufika kwenye ubongo: mkono kulegea, mdomo kupinda, usemi kuvurugika. Usimpandishe kwenye teksi. Usimpeleke nyumbani apumzike. Kuna madaktari wanaodunga kimeng'enya nyuma ya jicho, na ubishi juu ya manufaa yake haujaisha. Muuguzi ambaye hakufunzwa hilo asilijaribu kwa sababu aliliona kwenye video. Jambo analoweza kufanya ni kujua mapema hospitali ipi karibu naye ina daktari wa macho usiku, maana si kila idara ya dharura inaye.

Nataka sasa kusema juu ya simu, kwa sababu madhara mengi hayatokei ukiwa umesimama pale. Yanakuja saa nne usiku kwa ujumbe: "Dada, mdomo unaniuma na umebadilika rangi kidogo, ni kawaida?" Muuguzi amechoka, watoto wamelala, na kishawishi cha kujibu "Kunywa Panadol, tutaonana kesho" ni kikubwa mno. Jibu hilo lisitoke kamwe kinywani mwa mtu tuliyemfundisha. Omba picha kwenye mwanga mzuri, pande zote mbili. Omba video akibonyeza kwa kidole na kuachia. Uliza kama maumivu yanaongezeka au yanapungua. Ukibaki na shaka, mwone usiku huohuo, au mtume kwa mwenzako aliye karibu zaidi. Kama huwezi kupatikana usiku baada ya kudunga, basi siku hiyo usidunge. Mwenye safari ya ndege kesho asichukue wateja leo. Najua wanaofunga safari ya Krismasi kwenda nyumbani hujaza wateja wiki ya mwisho ili wapate nauli, na hilo naliomba likome.

Wengine wenu hamtashika sindano ya fila maisha yenu yote. Mko mapokezi ya dharura, mko kwenye vituo vya afya, mko wodini. Mafunzo haya ni yenu pia, pengine zaidi, kwa sababu mtu aliyedungwa sebuleni kwa rafiki yake hatamrudia rafiki. Atakuja kwenu, atafunika uso kwa barakoa au mtandio, na pengine mume amesimama kando. Atasema ni jipu, ni mzio wa chakula, ni mdudu. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini sisi hatuwezi kukaa tukisubiri kilio. Tafuta namna ya kumwona peke yake, mvutie pazia, uulize kwa sauti ya kawaida kabisa: "Katika wiki hizi mbili umedungwa kitu chochote usoni?" Uliza kama unavyouliza kama ana kisukari. Usikunje uso. Usimwambie alikuwa mzuri alivyoumbwa. Ukimwonesha kwamba unamhukumu, hatakwambia tena jambo lolote, na daktari atamwandikia antibayotiki za jipu huku ateri imeziba.

Madhara mengine nayapitia upesi kwa sababu yanatoa nafasi ya kufikiri na kumpeleka mtu kwa mwenye ujuzi: maambukizi, vidonda vya herpesi vinavyoamshwa na sindano, vinundu vinavyotokea baada ya wiki au hata miezi, uvimbe unaorudi mtu akipata mafua makali. Kosa la kawaida hapa ni kuyeyusha jeli iliyo katikati ya maambukizi yanayochemka bila kuanza antibayotiki kwanza, unaweza kuyatawanya. Mambo haya yana somo lake mchana.

Basi mafunzo yaweje? Mimi naamini katika mazoezi yenye saa. Mwalimu anaigiza mteja, au anatumia sanamu ya silikoni. Katikati ya kazi anasema, "Rangi imebadilika," na saa inaanza kuhesabu. Mwanafunzi hajui siku wala dakika itakayotokea. Aache, aite msaada, achukue kisanduku cha dharura, achanganye dawa, adunge eneo zima, apime, aandike, azungumze na mteja. Mwenzake anapiga simu. Katika mazoezi kama haya huwa naona mambo ambayo hakuna mtihani wa karatasi ungeyafichua: kisanduku kimefungwa na ufunguo uko kwenye mkoba wa mtu aliyekwenda kula, kimeng'enya kimekwisha muda wake, hakuna selaini ya kuchanganyia, namba ya mwandika dawa inaita bila kujibiwa. Yote hayo hurekebishika, mradi yaonekane siku ya mazoezi. Na mazoezi yarudiwe kila baada ya miezi michache, kwa sababu kisanduku huchoka na watu hubadilika.

Tufundishe pia maneno ya kumwambia mteja, na tuyafanyie mazoezi kwa sauti, kwa sababu hofu hutuziba midomo. "Nimeacha kudunga. Nadhani damu haipiti vizuri hapa. Nitakupa dawa ya kuiyeyusha jeli, na nitakaa nawe mpaka nione imerudi." Sentensi fupi, za kweli. Hazihitaji ujasiri mkubwa ukiwa umezizoea. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa bima au kuogopa kushtakiwa. Kanuni zetu za kazi ziko wazi kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa jambo linapokwenda vibaya, na kwa maoni yangu mteja aliyeelezwa mapema hutulia na kufuata matibabu, ilhali aliyefichwa huondoka akatafute msaada kwa mtu asiyejua ulichomdunga.

Neno kwa wale wanaotaka kupeleka huduma hii nyumbani. Kliniki za urembo zinaongezeka Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na vijana wetu wauguzi wanajifunza kwa video. Kabla hujafungua mlango, ulizia baraza lako la wauguzi kama kazi hiyo iko ndani ya mipaka ya leseni yako. Ulizia mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi kama jeli unayotaka kuitumia imesajiliwa; jeli inayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp kwa bei ya kutupa haijulikani ina nini. Zile kalamu za kusukuma jeli bila sindano, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya dhidi yake mwaka 2021, usiziguse. Na hayaluronidase uwe nayo mkononi, si ya kuagiza. Kama huipati kwa wauzaji, uliza kwenye vyumba vya upasuaji wa macho, kwa sababu madaktari wa macho huichanganya na dawa ya ganzi na huenda wanajua inapatikana wapi. Ukikosa kabisa, basi fila usianze. Unaweza kufanya kazi nyingine nyingi za ngozi zenye heshima na kipato.

Na walimu mlioko hapa, msimpe mtu cheti kwa sababu amelipa. Naelewa shinikizo, amesafiri, ameacha zamu, ana risiti mkononi. Mwambie arudi. Mpe tarehe nyingine bila malipo ya ziada kama unaweza, kwa kuwa lengo ni ajue, si afedheheke. Mtu aliyefeli zoezi mbele yako kwenye sanamu bado hajamdhuru mtu yeyote.

Sasa tunakwenda chai, na tukirudi viti vitaondolewa katikati. Kila meza itakuwa na watu wanne: mdungaji, msaidizi, mteja na mwandishi, na mtabadilishana mpaka kila mmoja awe ameshika nafasi zote. Visanduku vya dharura vimepangwa makusudi na upungufu ndani yake. Kuutafuta ni sehemu ya zoezi. Walioko idara za dharura watakaa meza mbili za mlangoni, na wao zoezi lao ni kumhoji mteja anayeficha. Wasioweza kuinama au wenye ujauzito washike nafasi ya mwandishi. Simu zizimwe, isipokuwa moja kwa kila meza, maana hiyo mtaihitaji.